Namba ya Papa Stanislas

Mliosoma juma lililopita hamjasahau lile beseni la sabuni. Mama Eulalie, mjane wa mtaa wa Muhumba, Bukavu, alikuwa anafua shuka uani, simu yake ya vifungo ikalia ndani ya kikwembe alichojifunga. Akaipokea na mikono yenye povu. Sauti ya kijana ikasema, "Papa, ni mimi," na simu ikamponyoka, ikazama.

Alipoitoa ilikuwa jiwe. Aliipuliza, akaianika, akaiombea. Haikufungua hata jicho.

Mnaoingia leo, sikilizeni kwanza. Ile sauti ni ya Héritier, mtoto wake wa kwanza. Héritier aligombana na baba yake, akafukuzwa nyumbani, akaenda kuchimba dhahabu Shabunda. Baba mwenyewe, Papa Stanislas, akafa mwaka jana katika juma la Majivu. Mtoto hakuja kuzika, kwa maana hakuna aliyejua yuko kwenye shimo lipi. Na kichwani mwake Héritier alikuwa ameshika namba moja tu, ile ya baba yake.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, ndugu za Stanislas walichukua simu yake, pamoja na koti na baiskeli. Mjane hakudai neno. Aliomba kadi tu, ile ndogo yenye namba. Akaiweka ndani ya simu yake ya vifungo, pembeni ya kadi yake mwenyewe, na alikuwa anainunulia unite, salio la kupigia, ili isikatwe. Shemeji zake walimcheka kwamba analisha maiti. Akaendelea kununua.

Basi leo anashuka soko la Nyawera mbio mbio. Kadi ya marehemu ameifunga kwenye pembe ya kikwembe, midomo inatembea juu ya rozari. Mtoto akipiga mara ya pili na kukuta namba imekufa, hatapiga mara ya tatu. Mama Eulalie alimjua mtoto wake.

Ariane, binti yake, alikuwa na saluni ya nywele karibu na soko. Mama alipomweleza habari, Ariane hakushangilia. Aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

"Alisema nini ingine?"

"Hakusema. Maji ilimumeza."

"Uko na hakika ni yeye?"

"Ariane, mi njo nilimuzaa."

Binti akafuta mikono, akachukua sakoshi yake, ule mkoba wa begani. "Twende. Nitakuchagulia telefone."

Mama aliona anaondoka bila kumuaga mteja. Akaona, akaweka moyoni, wakatoka.

Parfait, muuza simu, alikuwa na maneno mengi kuliko bidhaa. Tangu barabara zifungwe na vita, kabati lake la kioo lilikuwa na nafasi nyingi tupu, lakini kila simu iliyobaki aliisifu kama baba anayemwoza binti.

"Karibu maman. Angalia huyu. Mwembamba, ekra kubwa, kioo mpaka pembeni, kamera tatu mugongoni. Ukipiga picha ya ndizi, utatamani kuimenya."

"Picha ya nini? Sura yangu naijua. Iko na sauti?"

"Sauti mingi."

"Ipige nisikie."

Parfait akaipigia. Mama Eulalie hakusimama pale. Alivuka njia, akapita kwenye moto za kukodi, zile pikipiki, akaenda kusimama nyuma ya wauza maharagwe, mahali kelele zilipokuwa nyingi, akatega sikio. Kisha akarudi akitikisa kichwa.

"Inalia kama mutoto ya paka. Nikiwa uani mu lupango nafua, sitaisikia. Leta ingine."

Ya pili ililia vizuri. Mama akaomba maji. Parfait, bila kuelewa, akampa chupa yake ya kunywa. Akachovya kidole, akagusa ekra. Ekra ikaruka huku na huku, haikutii.

"Lakini maman, ni nani anapokeaka telefone na kidole ya maji?"

"Mwenye kufua."

Parfait akacheka. Akautazama uso wa yule mama, akaacha kucheka.

Ariane akamshika mama yake mkono. "Maman, tusimuchokeshe huyu muuzaji. Chukua tu ile ya bouton, kama ile yako. Batri yake inalala siku mingi. Unaizoea. Hizi za ekra zitakutesa, utakuwa unakatia batu telefone bila kutaka."

Hapo Mama Eulalie alisimama akamtazama.

Msomaji, huyu ndiye Ariane aliyekuwa anamcheka mama yake mwaka mzima. Maman, tupa ile jiwe. Maman, nunua telefone kama batu. Maman, bamama bote ba Légion ya kanisa beko mu WhatsApp, wewe peke yako njo unasomewa matangazo kama kipofu. Leo amekuwa wakili wa vifungo?

"Mbona umegeuka?" mama aliuliza.

"Sijageuka. Naona umri."

"Umri ulianza leo asubui?"

Parfait akaingia katikati, maana aliona simu ya bei kubwa inataka kumtoroka. "Maman, unangoja kuitwa na nani?"

"Mutoto. Iko Shabunda, mu machimbo."

"Shabunda? Sasa bouton ni ya nini? Kule rezo haiko, telefone haishike. Kuko tu batu benye kuweka antena ya satelite pa kambi. Mutoto analipa kidogo, anaingia WhatsApp, anaandika, anatoka. Ukiwa na bouton, utamungoja mpaka parapanda."

"WhatsApp inaingiaka na namba gani?"

"Namba yoyote. Ile yako."

"Na hii ya papa yake?" Mama akafungua pembe ya kikwembe, akaonyesha kadi. "Mwenyewe alikufa."

"Haiwezekane," Ariane alisema haraka. "Namba ya marehemu, WhatsApp inakatala."

"Nani alikuambia vile, dada?" Parfait alishangaa kwa kweli. "WhatsApp haiulizake kama mutu anapumua."

Ariane akatazama chini. Tangu saa ile jicho moja la mama lilikuwa kwa simu, la pili kwa binti.

Ya tatu ilikuwa nene, nzito, mgongo umekwaruzwa kama ulibebwa pamoja na misumari. Parfait aliitoa chini kabisa, bila kuisifu. Ililia, na wauza maharagwe wakageuka. Kidole cha maji kiliikubali. Tochi yake ilimulika mpaka ndani ya kabati. Na kadi mbili zilipata mahali pa kulala, ya mume na ya mke.

"Hii," Mama Eulalie alisema.

"Maman, ni mubaya," Ariane alisema.

"Siolewe nayo."

Akalipa na pesa ya likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, aliyokuwa amefungia kifuani. Parfait akafungua mgongo wa simu kwa ukucha, akaingiza kadi ya Stanislas kwanza. Alama za rezo zikapanda. Mama Eulalie akafanya ishara ya msalaba pale pale, kati ya chaja na batri za kuning'inia.

"Sasa WhatsApp," Parfait alisema. "Nitajie namba."

Aliitaja polepole, namba kwa namba, kama anavyotaja mafumbo ya rozari. Parfait akaandika. Wakangoja.

Parfait akakunja uso.

"Hii iko ajabu kidogo. Nilikuwa nangoja kode ya kuingilia ije hapa, mu message. Inasema kode imetumwa mu WhatsApp ya telefone ingine."

"Telefone gani?"

"Maman, hii namba iko tayari mu WhatsApp. Kuko mutu anaitumia."

"Mutu gani? Mwenyewe iko mu udongo."

Maneno hayo yalikuwa bado mdomoni, kitu kikalia ting ndani ya sakoshi ya Ariane.

Mama Eulalie hakugeuza kichwa. Alikuwa mtulivu kama mtu anayesikiliza Injili.

"Parfait. Jaribu tena."

"Inaomba tungoje kidogo, maman."

"Tutangoja."

Wakangoja. Ariane alikuwa ameibana sakoshi chini ya kwapa, jasho limemtoka juu ya mdomo. Parfait akabonyeza.

Ting.

"Toa," mama alisema.

"Maman, hapa si pa..."

"Toa, mwanangu."

Ariane akaitoa ile simu yake nzuri, ile ya kamera tatu. Juu ya ekra kulikuwa na namba za kuingilia, na juu ya namba hizo jina: Papa. Akajiangusha juu ya kiti kidogo cha Parfait, akaficha uso kwa vitambaa vya saluni alivyokuwa bado amevaa kiunoni.

"Ni siku ya kilio," alisema. "Papa alikuwa amelazwa mu salon ya nyumbani, mishumaa inawaka, nyie munaimba. Telefone yake ikalia. Ni Héritier. Ameandika: Papa, unisamehe. Maman, papa iko pale, sanda mpaka kwa kidevu. Ningemujibu nini?"

"Ukamujibu nini?"

"Nikaandika: Nimekusamehe, mutoto wangu."

Mama Eulalie alitafuta mahali pa kushika, akashika kona ya kabati. Kioo kikalia.

"Nikajua baba wadogo batachukua ile telefone pa kugawa vitu. Kabla baichukue, nikahamisha WhatsApp ya papa mu yangu. Nikasema ni kwa juma moja tu. Nyie wakubwa njo mulitufundisha. Mutu wa mbali haambiwe kifo mu telefone. Anaambiwa muzee anaumwa, kuja. Lakini ningemuambia kuja namna gani? Angekuja mu pori, na bunduki ziko pa kila kilima. Nikasema ningoje barabara ifunguke, nimuambie uso kwa uso. Haikufunguka. Na yeye anaandika, papa, papa. Nikazoea kuwa papa."

"Na mimi?"

"Wewe hauwezi kusema uongo, maman. Hata kuku unamuambiaka kama unaenda kumuchinja."

Siku nyingine Mama Eulalie angecheka. Leo alimwinamia pale kitini.

"Nimefunga kila Ijumaa, Ariane. Ulikuwa unanipakulia, nakatala. Nilikuwa naomba Mungu neno moja ya mutoto wangu. Moja tu, nijue iko anapumua. Unanitazama na sahani mukononi, na neno iko mu sakoshi yako."

Parfait alikuwa amewageuzia mgongo, anafuta kioo kilichokuwa safi.

Mama akanyoosha mkono, akapewa ile simu. Aliishia darasa la sita, lakini kusoma alijua, kidole chini ya kila neno, midomo ikisaidia. Alisoma mtoto aliposema anakohoa. Alisoma aliposema shimo limewafukia wenzake. Na chini ya kila neno la mtoto kulikuwa na jibu la mtu aliyezikwa.

Akasimama kwenye jibu moja.

"Usinipigie telefone," alisoma kwa sauti, "masikio yangu imekuwa mubaya. Andika tu. Na usirudi kwanza."

Akainua macho. "Papa yenu alikuwa anasikia panya ikiwaza. Ulimupatia mpaka ugonjwa?"

"Kama angepiga, angesikia ni mimi."

"Na hapa. Maman yako anakusalimia. Na hapa tena. Na hapa." Kidole kilishuka, kikashuka. "Nilimusalimia kila juma, na sikujua."

"Ile haikukuwa uongo, maman."

"Hapana," mama alisema. Machozi yalikuwa yanatoka bila uso wake kubadilika. "Ile haikukuwa."

Hapo ndipo simu mpya ililia.

Ililia juu ya kabati la Parfait, nene na mbaya, ikitetemeka kuelekea ukingoni, na wauza maharagwe wakageuka mara ya pili. Parfait akainama kuitazama.

"Si WhatsApp. Ni namba ya kawaida. Iko mu kadi ya muzee."

Mama akanyoosha mkono. Ariane akaruka, akamshika kiganja.

"Maman, usimuambie. Nakuomba. Sema analala. Sema anaumwa."

"Niachilie."

"Atafanya kitu kibaya, maman."

"Niachilie, nimesema."

Akagusa ekra kwa kidole kilicholowa machozi. Ikatii.

"Allô," alisema.

Upande wa pili palikuwa na upepo, na injini, na mtu anakohoa. "Allô? Ni nani? Maman?"

Akaishika simu kwa mikono miwili. Tangu mtoto aondoke alikuwa ametayarisha maneno, sasa hakuna hata moja lililokuja. Alilia jina tu. "Héritier."

"Maman, ni mimi. Niko Kamituga. Nimetoka mu shimo, nimetembea na miguu mpaka rezo. Nilipiga asubui ikakatika. Nipatie papa."

"Umekula?"

"Nimekula. Nipatie papa."

"Iyo kikohozi iko namna gani? Unalala wapi?"

"Maman, unite inaisha. Najua masikio yake imeharibika. Weka telefone karibu kabisa, mi nitasema kwa nguvu."

Ariane alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la soko, anatikisa kichwa, mikono imeunganishwa kama anaomba komunyo. Watu walianza kupunguza mwendo.

"Niambie mimi," mama alisema. "Mi niko hapa. Niambie."

"Hapana, maman. Wewe utasema kuja, najua. Wewe ungesema kuja hata kama nimeua mutu." Alikohoa tena, kirefu. "Sikiliza. Kuko moto mbili hapa, zote zimewasha. Moja inarudia Shabunda. Ingine inajaribu kushuka Bukavu, mwenyewe anajua njia za pembeni. Papa aliandika nisirudi. Anaandika vizuri siku hizi, anaandika kama mutu wa huruma. Lakini mi nilifukuzwa na mudomo yake, maman, si na mukono. Nataka ule mudomo njo uniite. Neno moja. Akisema kuja, napanda ya Bukavu. Asiposema, narudi mu shimo, na sitabasumbua tena."

Mama Eulalie alifumba macho.

Ariane alisikia kila neno, maana simu ile ilikuwa na sauti kweli. Akatambaa, akamkaribia sikio. "Maman, sema papa anasema uje," alinong'ona. "Ni neno moja tu. Mungu ataelewa. Uje, basi. Anapanda, anafika, tunamuambia hapa, kati yetu. Maman, sema."

Neno moja. Lilikuwa pale juu ya ulimi, dogo, jepesi, na lilikuwa na mtoto wake ndani. Mwaka mzima aliomba neno moja, na sasa yeye ndiye aliyeombwa.

Aliona lile shimo. Aliona pia siku ya kufika: kijana anashuka kwenye moto, amejaa vumbi, anaingia uani kwa mbio akimtafuta aliyemwita. Anaita papa mlango wa kwanza. Anaita papa mlango wa pili.

"Maman?" Injini moja iliunguruma, mtu akapiga kelele kwa Kirega kwamba anaondoka. "Maman, iko karibu? Mupatie."

Mama Eulalie alifungua macho. Akauondoa mkono wa Ariane begani kwake, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akasogea hatua moja mbali naye.

"Héritier," alisema, "kaa chini kwanza."

Ukasikika mchakacho wa nguo juu ya majani.

"Nimekaa, maman," mtoto alijibu. "Anakuja?"